Divai: Historia ya Neno Moja la Mezani

Tuseme wewe ni mwanafunzi wa shule ya sekondari mjini Kakamega, na shule yako ni mojawapo ya zile zinazofundisha Kifaransa. Leo mwalimu ameunganisha madawati mawili yakawa meza, akaweka vikombe vitupu juu yake, akakuambia uketi kama mgeni katika nyumba ya kulia chakula. Mwenzako amesimama mbele yako na kitambaa mkononi. Wewe wapaswa kumwagiza chakula na kinywaji kwa Kifaransa, naye apaswa kukujibu. Darasa zima lacheka. Mmoja auliza kwa sauti ya chini jinsi ugali na mlenda unavyoagizwa kwa Kifaransa. Mwingine asema kwamba Paris ni mbali na Kakamega, na kwamba maneno haya yatamfaa nani?

Swali hilo si la kipumbavu. Mtu ana haki ya kuuliza faida ya somo kabla ya kulitolea jasho. Lakini kabla hujakubaliana na wenzako, nakuomba utafakari neno moja tu. Katika makanisa ya Kakamega, Jumapili hadi Jumapili, watu husikia habari za mkate na divai. Neno hili divai ni la Kifaransa. Tena halikutoka kitabuni. Lilitoka mezani, katika kinywa cha mtu aliyekuwa akitaka kupewa kinywaji. Kwa hiyo wale wanaocheka darasani wamekuwa wakisema maneno ya kuagizia kinywaji kwa Kifaransa tangu utoto wao, bila ya kujua.

Sikiliza jinsi ilivyokuwa. Kwa Kifaransa kinywaji hicho huitwa vin. Kama tungelichukua jina hilo peke yake, pengine leo tungesema "vai". Kwa nini basi twasema divai? Sababu ni hii: Mfaransa aketipo mezani hasemi vin tupu. Husema du vin. Neno lile dogo, du, lina maana ya "kiasi fulani cha" kitu kisichohesabika kimoja kimoja, kama vile mvinyo, chai, au wali. Mtu asiyejua sarufi ya Kifaransa husikia sauti moja tu, naye huishika nzima, kichwa na mkia. Ndivyo du vin ilivyokuwa divai.

Linganisha na neno jingine la kinywaji hicho hicho, mvinyo. Hilo latokana na vinho, neno la Wareno, ambao merikebu zao chini ya Vasco da Gama zilifika katika pwani yetu mwaka 1498. Hata neno meza ni lao. Basi meza tulipewa jina na Mreno, na divai tukapewa jina na Mfaransa. Na kila jina latuonyesha mgeni aliyepita hapa na kitu alichokuwa akikihitaji.

Nasi hatuko peke yetu. Nchini Madagaska, ambako Wafaransa walitawala tangu mwaka 1896 hata 1960, mvinyo huitwa divay, chai huitwa dite, na siagi huitwa dibera. Hayo ni du vin, du thé na du beurre. Katika kisiwa cha Morisi, watu wasemao Krioli huita mkate dipin, wali diri, na maji dilo, yaani du pain, du riz na de l'eau. Je, waona jambo moja katika mifano hii yote? Majina haya ni ya vyakula na vinywaji, na kila moja limebeba ndani yake lile neno dogo la kuagizia. Watu walioyapokea hawakufundishwa kwa ubao na chaki. Waliyasikia wakiwa wamesimama, na msemaji ameketi.

Hapa ndipo historia inapoacha kuwa mchezo wa maneno. Yatupasa kuuliza: nani aliketi, na nani alisimama?

Mwaka 1776 mfanyabiashara mmoja Mfaransa, jina lake Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walikusudiwa kupelekwa katika visiwa viwili vilivyokuwa chini ya Wafaransa: Île de France, ambacho leo chaitwa Morisi, na Bourbon, ambacho leo chaitwa Réunion. Huko kulikuwa na mashamba yaliyotaka mikono ya kazi. Katika Kiswahili twasema kuagiza chakula, na twasema pia kuagiza bidhaa kutoka ng'ambo. Mapatano yale ya Kilwa yalikuwa agizo, na bidhaa iliyoagizwa ilikuwa ni binadamu. Wengi wa watu waliovushwa bahari kwa namna hiyo walitoka Afrika ya Mashariki na Madagaska. Wao na watoto wao ndio walioyasikia maneno ya mabwana zao mezani na kuyafanya lugha mpya, ile Krioli niliyokutajia.

Miaka karibu mia moja baadaye Wafaransa wa aina nyingine walikuja. Mwaka 1860 mapadre walifika Unguja kutoka Réunion, na mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni huko Bagamoyo, wakawapokea watu waliokombolewa utumwani. Hawa nao walihitaji divai, kwa ajili ya altare. Kwa hiyo Kifaransa kilisikika katika pwani yetu kwa milango miwili, mlango wa biashara na mlango wa dini.

Sasa tuvuke bahari mpaka Paris kwenyewe, maana katika miaka ile ile ya Morice, jambo geni lilikuwa likizaliwa huko. Zamani msafiri katika Ulaya alikula katika nyumba ya wageni pamoja na wasafiri wengine wote, meza moja, saa moja, chakula kile kile alichokipika mwenye nyumba. Hakuchagua. Lakini tangu miaka ya 1760 nyumba chache za Paris zilianza kuuza mchuzi mzito wa nyama uliosifiwa kwamba huwarudishia nguvu watu dhaifu. Mchuzi huo uliitwa restaurant, maana yake kitu kirudishacho nguvu. Baadaye jina la mchuzi likawa jina la nyumba yenyewe. Humo kila mgeni aliketi meza yake, akaja saa aliyoitaka, akapewa orodha iliyoandikwa majina ya vyakula na bei zake, akachagua apendacho. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 nyumba hizo ziliongezeka sana.

Fikiri juu ya mambo hayo mawili pamoja. Katika mji mmoja watu walikuwa wakipata uhuru mpya wa kuketi na kusema, "Nipatie hiki, wala si kile." Katika visiwa vilivyo chini ya taifa lile lile, watu wengine walikula walichopewa, kama walipewa. Kuchagua chakula twakuona leo kuwa jambo dogo. Lakini mtu anayenyimwa uchaguzi huanza kunyimwa katika mambo madogo kama hilo.

Desturi ya Paris ilienea. Mwaka 1890 mpishi mashuhuri Mfaransa, Auguste Escoffier, alianza kuongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London, na mwaka 1903 akatoa kitabu kikubwa cha mapishi kilichofuatwa na wapishi wengi. Hoteli kubwa za Waingereza zikawa na mazoea ya kuandika orodha za vyakula kwa Kifaransa, kama kwamba nyama haipendezi mpaka ipewe jina la kigeni. Mazoea hayo yalifuatana na Waingereza katika makoloni yao. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904, na nyingine zikafuata katika miji ya walowezi. Neno lenyewe hoteli, ambalo sisi twaliita hata kibanda cha chai na mandazi kando ya barabara, lilipitia Kiingereza, lakini chimbuko lake ni Kifaransa, hôtel. Na ndugu yake wa damu ni hospitali. Yote mawili yametokana na neno la Kilatini linalohusu kumkaribisha mgeni.

Mgeni hakukaribishwa kwa usawa, hata hivyo. Tazama Kakamega. Mwaka 1931 dhahabu iligunduliwa katika nchi hii, na baada ya muda mfupi mamia ya Wazungu wakamiminika, wengine wao wakulima walioangushwa na msukosuko wa uchumi wa dunia. Mahema yakasimama, maduka yakafunguliwa, na mahali pa kula na kunywa pakapatikana kwa wenye fedha. Miaka miwili tu kabla ya dhahabu hiyo kuzua pirikapirika, yaani mwaka 1930, ilikuwa imetungwa sheria iliyoahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika itakuwa yao milele, na kwamba kipande kikiondolewa watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwezi wa Desemba mwaka 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, ili ardhi yenye madini iweze kuondolewa bila ya kushauriana na wenyewe, na fidia iwe ni fedha. Wazee wa nchi walilalamika, na hata Uingereza kwenyewe wapo walioona haya.

Maelfu ya Waafrika waliajiriwa machimboni, na wengine jikoni na mezani. Mgodi mkubwa kuliko yote, Rosterman, uliendelea hata mwaka 1952. Basi picha yetu ni hii: meza imeandikwa juu ya ardhi ya baba zako, aketiye ni mgeni, na mwenyeji ndiye asimamaye na sahani. Kwa kuwa katika Kenya ya siku zile hoteli za Wazungu zilimfungia mlango Mwafrika kwa sababu ya rangi yake, aliweza kuingia kama mtumishi, lakini hakuweza kuingia kama mgeni. Alijua kupika supu ya Kifaransa na kuitamka kwa jina lake, wala hakuruhusiwa kuiagiza.

Tena mtu huyo, hata awe baba wa watoto sita na mzee wa ukoo, aliitwa "boi", yaani mvulana. Na huko Ufaransa, kwa miaka mingi, mtumishi wa meza aliitwa garçon, na maana yake ni ile ile, mvulana. Lugha mbili, nchi mbili zenye bahari kati yao, na dharau moja. Lakini Wafaransa wenyewe waligeuka. Leo kumwita mtumishi kwa neno hilo huonekana ni ukosefu wa adabu; mwenye heshima husema Monsieur kwa mwanamume na Madame kwa mwanamke. Nasi katika Kenya, baada ya uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, milango ile ilifunguka, na "boi" likawa neno la kuonewa aibu.

Sasa turudi kwenye yale madawati yaliyounganishwa, maana mwenzako bado amesimama na kitambaa chake. Nitakupa mambo machache yatakayokufaa.

Kwanza, msalimie. Sema Bonjour kabla ya neno jingine lolote. Kwa Mfaransa, kuanza kuagiza bila salamu ni sawa na mtu kuingia nyumbani kwenu na kuuliza chakula kabla ya kubisha hodi.

Pili, usiseme je veux, yaani "nataka". Sema je voudrais, yaani "ningependa". Jambo hili halikupasi kuliona geni, kwa kuwa Kiswahili kizuri nacho hutofautisha "nipe chai" na "naomba chai". Kisha umalizie na s'il vous plaît, ambalo ni sawa na "tafadhali".

Tatu, likumbuke lile neno dogo tulilolikuta ndani ya divai. Kwa vitu vyenye jinsi ya kiume katika sarufi yao husemwa du: du thé, du riz. Kwa vyenye jinsi ya kike husemwa de la: de la viande, yaani nyama. Kwa vinavyoanza na irabu husemwa de l': de l'eau, yaani maji. Uwe mwangalifu na kuku. Ukisema du poulet utaletewa kipande cha kuku. Ukisema un poulet umeagiza kuku mzima. Nyumbani Kakamega mgeni wa heshima huchinjiwa ingokho mzima, na firigisi humwendea mzee. Lakini katika nyumba ya kulia chakula kila paja lina bei yake.

Nne, usidanganywe na neno menu. Sisi twasema menyu kwa maana ya orodha yote ya vyakula. Kwa Kifaransa orodha hiyo huitwa la carte, na le menu aghalabu ni mlo uliokwisha pangwa kwa bei moja. Ukitaka maji ya kawaida yasiyolipiwa katika nyumba za chakula za Ufaransa, omba une carafe d'eau. Ukimaliza kula, sema L'addition, s'il vous plaît, nawe utaletewa hesabu.

Wala usiogope kwamba maneno ni mengi. Baadhi yake ni jamaa zako. Kahawa na café yametoka katika neno moja la Kiarabu, qahwa, na mbuni wenyewe asili yake ni Ethiopia, jirani zetu. Mahali tunapopaita mkahawa wao hupaita café, na katika lugha zote mbili nyumba imepewa jina la kinywaji. Sukari na sucre nayo yametoka kwa Waarabu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kakamega anayesema un café avec du sucre hakopi kitu cha wengine tu. Mbuni ulitoka Afrika kabla ya kinywaji chake kufika Paris.

Na yule rafiki yako aliyeuliza juu ya ugali, nina jibu lake pia. Kifaransa hakiko Paris peke yake. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Rwanda na Burundi zilikuwa zimekwisha jiunga mwaka 2007. Barabara ipitayo magharibi mwa Kenya na kuvuka Uganda huendelea mpaka huko. Mwanafunzi wa leo aweza kuwa kesho dereva, mfanyabiashara, daktari au mwalimu mjini Bujumbura, Goma au Bukavu, ambako Kiswahili na Kifaransa huketi pamoja mezani kila siku. Bujumbura mishikaki huitwa brochettes. Mjini Bukavu ugali haufasiriwi kwa Kifaransa. Waitwa bugali, na kisamvu chaitwa sombe. Utaagiza kwa Kifaransa, utajibiwa kwa Kiswahili, na chakula utakachokula kitakuwa kile kile cha mama yako.

Basi simama imara, au tuseme, keti imara. Hapo ulipo, juu ya dawati la shule, unafanya jambo ambalo babu wa babu yako hakuruhusiwa kulifanya katika nchi yake mwenyewe. Watu waliotupatia neno divai walilisikia wakiwa wamesimama. Wewe walitamka ukiwa umeketi, tena wajua maana ya kila sehemu yake.

Lakini usisahau kumtazama yule aliyesimama. Atakapokuletea kikombe, hata kiwe kitupu na hata awe ni mwenzako wa darasani anayejizuia kucheka, mwambie Merci, Monsieur. Kisha zamu yake ifikapo, mpe kiti, nawe uchukue kitambaa.